Kamera ndogo ya kupanda nayo mlima na kuingia nayo baharini: jinsi ya kuichagua

Nimezika kamera mbili, na ya tatu ilizimia mikononi mwangu saa kumi na mbili asubuhi, jua likichomoza.

Ya kwanza iliishia Maziwe, lile fungu la mchanga lililoko baharini upande wa Pangani. Ilikuwa kamera ya kuingia majini, boksi lenyewe lilisema hivyo. Betri ikaisha, nikafungua mlango wake palepale mchangani kwa vidole vyenye maji ya chumvi, nikabadilisha, nikafunga, nikarudi kuogelea. Hazikupita dakika tano skrini ikaanza kutoa mistari ya zambarau. Chembe ya mchanga ilikuwa imekaa kwenye mpira wa mlango, basi.

Ya pili haikuguswa na tone la maji. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza na ghali kuliko ya kwanza, na nilikuwa nayo kwenye baiskeli kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka, barabara ya vumbi la volkano lililo laini kama unga wa muhogo. Siku ya pili lenzi ilitoka nusu, ikalia krrr, ikagoma kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Ya tatu ilizimia Stella Point, mita 5,756 juu ya Kilimanjaro. Betri niliyoijaza jana yake ikadai haina kitu. Tuliposhuka ilifufuka yenyewe, lakini picha yangu ya kilele ilipigwa na mgeni mmoja kwa simu yake, na mpaka leo nasubiri anitumie.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na megapikseli. Unaanza na kitakachoiua kamera yako.

Hatua ya 1: Andika kitakachoiua

Chukua karatasi. Andika mahali ulipokwenda kweli katika miezi 12 iliyopita. Unapotamani kwenda paache kwanza. Mbele ya kila mahali andika adui: maji, chumvi, vumbi, baridi, kuanguka. Mpanda Rwenzori atajikuta ameandika mvua na matope kila mstari. Mwendesha baiskeli wa Hell's Gate kule Naivasha ataandika vumbi na mtikisiko. Anayewafuata papa potwe Mafia kati ya Oktoba na Machi ataandika chumvi, chumvi, chumvi. Mkimbiaji asidhani amesalimika, maana jasho nalo ni maji ya chumvi, na kamera inayokaa mfukoni mwa kaptula inalinywa kila siku.

Halafu hesabu. Adui anayejitokeza mara nyingi ndiye wa kumnunulia kamera. Wengine utawakinga kwa mfuko, kitambaa au akili. Nimeona watu wasiojua kuogelea wakinunua kamera ya kuzama mita 15, kisha wanaipeleka Tsavo mara nne kwa mwaka. Wamelipia kina wasichokifikia, na wamekosa zumu wanayoililia kila wakiona chui yuko mtini mbali.

Na niseme jambo ambalo matangazo hayalisemi: kwa sisi wa bara, adui namba moja ni vumbi. Kwenye tangazo kamera huzungukwa na matone ya maji kwa sababu maji yanapendeza machoni. Vumbi la Engaruka halimvutii mnunuzi yeyote.

Hatua ya 2: Iulize simu yako kwanza

Simu za bei ya juu za leo zina kihisi cha picha (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kikubwa kuliko cha karibu kamera zote sugu, yaani zile zilizotengenezwa kuvumilia maji, vumbi na kuanguka. Ukiwa na simu ya namna hiyo na unapiga picha za machweo, za moto wa kambi, za sura za watu, simu itashinda. Muuzaji akikuambia kamera sugu itatoa picha safi kuliko simu ya milioni tatu, huyo anataka tu uondoke na mzigo wake.

Sababu za kubeba kamera ni nyingine. Skrini ya kugusa ikilowa haisikii kidole, na ukivaa glovu haisikii kabisa. Simu ndiyo ramani yako, pesa zako na namba ya kumpigia mtu ukitegua mguu. Kuiingiza baharini kwa ajili ya picha ya samaki ni kamari. Alama ya IP68 (ya kuvumilia vumbi na maji) iliyoandikwa kwenye simu haimaanishi kitu kimoja kwa kampuni zote: iPhone za karibuni hutajwa kuvumilia mita 6 kwa dakika 30, Samsung Galaxy nyingi mita 1.5 kwa muda huohuo, na vyote hivyo ni kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Tena waranti ya simu kwa kawaida haigusi uharibifu wa maji.

Kama karatasi yako ina matembezi ya Jumapili tu, ishia hapa. Nunua kava nzuri na kamba ya shingoni, fedha inayobaki ikupeleke Usambara.

Hatua ya 3: Zisome namba za boksini kama mkataba

Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Herufi IP hufuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza ni vumbi, na mwisho wake ni 6, yaani vumbi haliingii kabisa. Ya pili ni maji. Ukiona 7, kifaa kilizamishwa mita 1 kwa dakika 30. Ukiona 8, kinavumilia zaidi ya hapo, lakini kina na muda anavitaja mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo 8 isiyoandikiwa mita haikuambii kitu. Herufi X mahali pa tarakimu maana yake upande huo haukutajwa. Kamera iliyoandikwa IPX8 peke yake imekuahidi maji, kuhusu vumbi imenyamaza. Nenda kwenye maelezo yake utafute IP6X kabla hujaipeleka Natron.

Usichanganye kamera isiyopenya maji na kamera inayovumilia manyunyu. Ya pili huzibwa kwenye maungio ili mvua nyepesi isiingie. Ukiitumbukiza ndoo, umeiaga.

Vipimo vyenyewe hufanywa kwenye maji matulivu, ya chumba, yasiyo na chumvi. Maisha hayako hivyo. Pale Chemka, kwenye chemchemi za Kikuletwa, vijana hupanda mti, hushika kamba, hujirusha. Kishindo cha kamera kugonga maji ni kikubwa kuliko mgandamizo wa kuishusha taratibu, na vitabu vya maelezo vya kamera nyingi sugu vinakataza kuruka nayo majini. Shuka nayo kwa ngazi, au mpe aliyeko tayari majini. Maji ya moto nayo hukatazwa, kwa sababu joto huchezea mipira ya milango.

Kuanguka: watengenezaji hutaja mita 1.6, mita 2, mita 2.1. Usomeapo maandishi madogo utakuta kamera iliangushwa juu ya plaiwudi yenye unene wa sentimita 5. Mawe ya lava ya Barranco hayafanani na plaiwudi. Hata hivyo namba hiyo ina maana, kwa sababu kamera nyingi huanguka kutoka kifuani hadi kwenye udongo, mara chache jiwe kwa jiwe.

Kugandamizwa: kilo 100 ndiyo namba ya kawaida kwa kamera sugu za juu. Utaidharau mpaka siku begi lako lilale chini ya magunia kwenye buti la basi, au mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, alirundikie hema na majiko bila kujua ndani kuna nini.

Baridi: karibu zote huandika nyuzi 10 chini ya sifuri. Usiku wa kupanda kilele cha Kilimanjaro, upepo ukivuma, baridi inaweza kupita hapo. Na namba hiyo inasema kamera itafanya kazi. Haisemi betri itadumu. Nilijifunza tofauti hiyo Stella Point.

Hatua ya 4: Lenzi, na habari ya kobe

Kamera ndogo ziko aina mbili kwa umbo la lenzi. Kuna ambazo ukiziwasha lenzi hutoka nje, kama kobe anavyotoa kichwa, na ukizima hujirudisha. Na kuna ambazo lenzi haitoki kamwe: vioo vimepangwa ndani ya mwili, mwanga unaingia mbele, unakunjwa na kioo cha mshazari kisha unashuka ndani hadi kwenye kihisi. Mbele yake huwa na kioo bapa kigumu ambacho ndicho kinachopigwa na mchanga.

Kobe huvuta pumzi. Kila shingo inapotoka, hewa ya nje huingia ndani, na hewa ya Engaruka ina unga. Ndiyo maana kamera yangu ya pili ilikufa bila kuanguka wala kulowa. Karatasi yako ikiwa imejaa neno vumbi, lenzi isiyotoka ni sharti.

Gharama yake ni hii: lenzi iliyokunjwa ndani haiwezi kuvuta mbali. Nyingi huvuta mara nne au tano, yaani huanzia kati ya milimita 24 na 28 na kuishia kati ya 100 na 140 kwa kipimo cha kawaida cha wapiga picha (milimita zikiongezeka, unavuta mbali zaidi). Hiyo inatosha mandhari, wenzako njiani, tembo aliye karibu. Haitoshi ndege. Ukisoma kwenye boksi zumu ya kidijitali ya mara nyingi zaidi, ifute akilini, kwa sababu hiyo ni kukata picha na kuikuza, kazi ambayo simu yako inaifanya bure nyumbani.

Angalia pia namba ya f: ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia. Lenzi iliyoandikwa f/2.0-4.9 inapokea mwanga mwingi ikiwa haijavutwa, na ikivutwa hadi mwisho inapokea karibu moja ya sita ya mwanga huo. Msituni, chini ya miti ya Machame au ndani ya Bwindi, hiyo ndiyo tofauti kati ya picha na ukungu wa rangi ya kijani. Usivute zumu msituni. Sogea kwa miguu.

Sasa kihisi. Kile cha kamera sugu ni milimita 6.17 kwa 4.55, ukubwa unaoandikwa 1/2.3 ya inchi. Kile kinachoitwa cha inchi moja ni milimita 13.2 kwa 8.8 (inchi yenyewe ni milimita 25.4, kwa hiyo jina hilo ni la urithi tu, tangu enzi za mirija ya kamera za televisheni). Eneo lake ni mara nne ya kile kidogo, na utaliona jioni. Kwenye kihisi kidogo, megapikseli 12 zilizopangwa vizuri hunipendeza kuliko 20 zilizobanwa. Nimechapisha picha ya megapikseli 12 kwa ukubwa wa kalenda ya ukutani na hakuna aliyeniuliza swali.

Hatua ya 5: Ishike ukiwa umelowa

Kamera ya mtu wa michezo hutumika kwa mkono mmoja. Ule mwingine umeshika usukani, fimbo, kamba ya ngalawa. Dukani fanya hivi: itoe mfukoni, iwashe, piga picha, irudishe, yote kwa mkono mmoja, bila kuangalia vitufe. Ikikushinda dukani, njiani haitawezekana.

Vaa glovu ulizokuja nazo. Ndiyo, nenda nazo dukani, wacha wacheke. Kitufe cha kuwashia kilichozama ndani ya mwili hakibonyezeki kwa glovu ya mlimani. Kitufe cha video kilichojitokeza sana kitabonyezwa na begi, na utarudi nyumbani na dakika 40 za giza na sauti ya nyayo zako.

Kisha toka nayo nje, juani, saa saba mchana. Skrini nyingi hugeuka kioo cha kujitazamia uso. Kamera chache ndogo zina kitundu cha kuchungulia kwa jicho, na mchana wa Ziwa Turkana utamshukuru aliyekibuni, lakini kamera sugu nyingi hazina. Kama hiyo unayoitaka haina, hakikisha mwanga wa skrini unapandishwa kwa urahisi.

Majini kuna jambo moja: karibu kamera zote hizi huzama. Kuna kamba za mkononi zenye sponji zinazoelea, bei yake ndogo, rangi yake ya machungwa au njano. Inunue siku hiyohiyo. Kabla ya kuiamini, ifunge kwenye kamera na uijaribu kwenye ndoo au bwawa, kwa sababu nyingine haziwezi uzito. Na ukiogelea na papa potwe, zima flashi.

Hatua ya 6: Betri na kadi

Idadi ya picha kwa chaji moja hupimwa kwa utaratibu mmoja wa kiwanda, kwa hiyo inafaa kulinganishia kamera na kamera. Kamera sugu nyingi ziko kwenye 200 na kitu mpaka 300 na kitu. Ukirekodi video, ukiwasha GPS au ukitazama picha zako kila mara, sahau namba hiyo.

Uliza mambo mawili. Je, betri inatoka? Na je, inachajiwa kwa USB-C? Betri isiyotoka ni mkosi mlimani, maana huwezi kulala nayo. Betri inayotoka unaiweka soksini ndani ya begi la kulalia, na kupanda kilele unaibeba kifuani ndani ya nguo. Baridi haiili chaji, inaifungia tu. Ukiipasha betri, chaji inarudi. Mimi sasa napanda na betri tatu, mbili kifuani, moja kwenye kamera, na kila kituo kirefu nazibadilishana. Kuhusu USB-C, faida ni kwamba waya mmoja na pawabanki moja vinatosha simu, kamera na taa ya kichwani. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba na pawabanki ni za begi la mkononi, si la kupakiwa.

Kadi: kwa video ya 4K tafuta alama ya V30, au U3. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo kadi ya 32 haifikishi saa moja. Napendelea kadi mbili za 64 kuliko moja ya 128, ili moja ikipotea nisiipoteze safari yote.

Kadi feki zimejaa kila soko, kuanzia kwa machinga mpaka kwenye maduka yenye vioo. Kadi feki imedanganywa ijitambulishe kuwa ya gigabaiti 512 ilhali ndani ina 16. Utapiga picha, zitaonekana, na zikijaa zile 16 za kweli, zinazofuata zitaandikwa juu ya nyingine au zitapotea. Utagundua nyumbani. Kuna programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Mac na Linux, zinazoijaza kadi yote kisha kuisoma upya. Kila kadi mpya ipitishe hapo kabla ya safari. Inachukua muda, iache usiku kucha.

Hatua ya 7: Majina

Sasa majina, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa.

Kama ningepewa fedha ya kamera moja tu ya kila kitu, ningechukua OM System Tough TG-7, iliyotoka 2023, au TG-6 ya 2019 iliyotoka kwa jina la Olympus na kwa picha ni karibu kamera ileile. Inashuka mita 15 majini bila kasha, inavumilia kuanguka mita 2.1, mgandamizo wa kilo 100 na nyuzi 10 chini ya sifuri. Kihisi ni cha megapikseli 12, lenzi ni milimita 25 hadi 100, f/2.0 mwanzoni, na inahifadhi picha ghafi (RAW) kwa wanaopenda kuzihariri. Kinachoipa nafasi moyoni mwangu ni uwezo wake wa kukaribia kitu hadi sentimita 1: mdudu, ua la lobelia, kinyonga mdogo wa Usambara. Hakuna simu niliyowahi kushika inayofanya hivyo kwa urahisi ule. TG-7 ilileta USB-C. TG-6 ina tundu la zamani. Ilipotoka, TG-7 iliuzwa Marekani kwa dola 550 hivi, kwa hiyo ukiikuta mpya kwa robo ya bei hiyo, jiulize.

Ricoh WG-6 inashuka mita 20 na ina megapikseli 20. Ni kamera ngumu, ila lenzi yake ni ya giza zaidi, na msituni hilo linaonekana. Kwa fedha ndogo kuna Kodak PixPro WPZ2: mita 15, kuanguka mita 2. Picha zake za jioni si za kujivunia. Kwa mtoto wa shule anayekwenda kambi, au kwa mtu anayejijua kuwa hupoteza vitu, inatosha na huumii moyo.

Kwenye mitumba utakutana na Nikon Coolpix W300 (mita 30, kuanguka mita 2.4), Panasonic Lumix FT7 (mita 31, na ina kitundu cha kuchungulia, jambo adimu) na Fujifilm XP140 (mita 25). Zote nzuri kwa zama zake. Soma hatua inayofuata kabla ya kutoa hela.

Anayefuata wanyama kwa miguu au garini, na maji si adui wake, aangalie Canon PowerShot SX740 HS inayovuta kutoka milimita 24 hadi 960, au Panasonic TZ95 inayofika 720 na yenye kitundu cha kuchungulia. Hizi ni kobe. Zibebe ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, usizitoe gari likiwa linatimua vumbi, na usibadili zumu ovyo kwenye upepo.

Anayetaka picha bora na yuko tayari kuitunza kamera kama yai, kuna Sony RX100 VII yenye kihisi cha inchi moja na lenzi ya 24 hadi 200, na kuna Ricoh GR III yenye kihisi kikubwa zaidi, lenzi ya milimita 28 isiyovuta kabisa, na uzito wa gramu 257 tu. GR ni kipenzi cha wapanda milima wanaohesabu gramu, lakini ni kobe pia, haijazibwa, na vumbi kuingia mpaka kwenye kihisi ni lalamiko la miaka mingi kwa wanaoitumia. Nami naitamani hivyohivyo.

Hatua ya 8: Dukani, na hasa kwenye mitumba

Fungua kila mlango wa kamera. Kamera sugu huwa na mmoja wa betri na kadi, na mara nyingi mwingine wa waya. Pitisha ukucha kwa upole kwenye mpira: uwe laini, usiwe na ufa, mchubuko wala unyoya. Tazama vibati vya betri. Kutu, au unga wa kijani, maana yake maji yalishawahi kuingia. Irudishe mezani, hata ikipiga picha nzuri. Elekeza lenzi kwenye taa utafute ukungu nyuma ya kioo.

Piga picha ya anga tupu au ukuta mweupe, uikuze kwenye skrini. Vidoa vya kijivu vinavyokaa palepale kila picha ni vumbi lililoko ndani. Vuta zumu mpaka mwisho na urudishe mara kumi, ukiisikiliza. Rekodi video nusu dakika uisikilize, kwa sababu maikrofoni ndiyo huziba kwanza kwa chumvi.

Badilisha lugha. Kamera nyingi zilizotumika zinatoka Japani kama magari yetu, na baadhi ya zilizotengenezwa kwa soko la ndani huko zina menyu ya Kijapani tu. Redio ya gari ikikusalimia Kijapani kila asubuhi unazoea. Kamera yenye menyu usiyoisoma utaichukia.

Ukinunua mtumba usiopenya maji, uhesabu kuwa unapenya. Mipira huzeeka hata ikikaa kabatini, na watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe kila mwaka. Nyumbani ninafanya jaribio hili, kwa hatari yangu mwenyewe: natoa betri na kadi, naweka kipande cha tishu kikavu mahali pake, nafunga milango, nazamisha kamera kwenye ndoo ya maji safi kwa nusu saa, naikausha nje vizuri, nafungua. Tishu ikiwa kavu, nina imani ya kuogelea nayo juujuu. Kuzama nayo kina, hapana.

Kwa kamera mpya, uliza waranti inatolewa na nani na inatambulika wapi. Mzigo ulioletwa mkononi kutoka Dubai unaweza kuwa halisi kabisa na wa bei nzuri, lakini fundi wa hapa hatautambua. Risiti iandikwe namba ya kamera.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza, na kila unaporudi

Usiipeleke safarini ikiwa mpya. Kaa nayo wiki nzima nyumbani: mfuate mbwa anayekimbia, watoto wakicheza mpira jioni. Jifunze kupandisha kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) hadi 1/1000 ya sekunde, au tafuta alama ya mtu anayekimbia kwenye kamera isiyo na mipangilio hiyo. Jifunze kubadili betri ukiwa umefumba macho, kwa sababu kule juu saa kumi alfajiri hutaona.

Kabla ya kila kuingia majini, badilisha betri na kadi ukiwa mahali pakavu, mikono mikavu, mbali na mchanga. Futa mpira kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, tazama kama kuna unywele, funga mpaka usikie kufuli limekaa. Ukishaingia baharini mlango haufunguliwi tena mpaka nyumbani, betri ikiisha imeisha.

Ukitoka baridini kwenda joto, mathalani umeshuka mlimani ukaingia hotelini Moshi, iache ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka ipate joto. Ukiitoa papo hapo, unyevu wa hewa utageuka matone kwenye kioo, na kwa kobe hata ndani.

Ukitoka baharini, iloweke kwenye ndoo ya maji ya kunywa kama dakika kumi, milango ikiwa imefungwa, ukibonyeza vitufe vyote humohumo ili chumvi itoke chini yake. Usiipige na maji ya bomba kwa nguvu, na usitie sabuni. Ifute, iache ikauke kivulini, si juani wala karibu na jiko, na milango uifungue ikiwa kavu kabisa. Ndoo hiyo mimi huibeba kwenye gari tukienda Pangani. Mwanzoni wenzangu walidhani ni ya samaki.